Na Ule wa Hewa?

Mwezi uliopita mpwa wangu aliyeko Arusha alinitumia kwa WhatsApp picha ya draiva, ile fimbo ya gofu ya kupigia mbali. Kichwa cheusi kinachong'aa, mstari mwekundu pembeni, na bei inayozidi mshahara wake wa mwezi. Chini ya picha ameandika: "Shikamoo mjomba. Nina miezi minane kwenye gofu na bado napiga mikwaju 110. Nikichukua hii nitashuka?"

Niliandika jibu, nikalifuta. Nikaandika jingine refu zaidi, nalo nikalifuta. Swali lile nalijua. Niliwahi kumuuliza muuzaji mmoja, naye akanijibu kwamba ndiyo, nitashuka, tena haraka.

Nilikuwa mkaguzi wa hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini hadi nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye ofisi za watu nikidai stakabadhi za dizeli, na kuhesabu mifuko ya saruji ambayo vitabuni ipo na ghalani haipo. Mtu wa kazi hiyo hadanganyiki kirahisi na namba za wenzake. Namba zake mwenyewe ni habari nyingine, na hilo nilifundishwa uwanjani.

Nilianza gofu mwaka 2009, nikiwa na miaka 44. Daktari alitaka nitembee, na mkubwa wangu kazini alitaka mtu wa nne wa kukamilisha kundi lake la Jumamosi. Nikanunua mfuko wa mtumba wenye fimbo tisa za koo mbalimbali, nikavaa kofia niliyopewa bure na benki, nikaenda. Nilikabidhiwa kedi mmoja, mzee mwembamba aliyeanza kubeba mifuko pale tangu ujana wake.

Kwenye shimo la kwanza nilisimama mbele ya kundi zima, nikainua fimbo mpaka mgongo ukalia, nikaishusha kwa nguvu zangu zote. Mpira ulibaki juu ya tii, kile kijiti cha kuuwekea, umetulia kama yai kwenye kiota. "Najaribu tu," nikasema. Wenzangu wakaangalia miti. Nikapiga tena, safari hii ukaenda mita arobaini, na safari ikaanza. Tulipomaliza lile shimo mwandishi wa kadi akaniuliza nimepata ngapi. Nikasema nane.

Yule mzee alikuwa akifuta fimbo kwa kitambaa. Bila kuinua macho, akauliza kwa sauti ya chini: "Bosi, na ule wa hewa?"

Kanuni iko wazi. Ukikusudia kuupiga mpira ukaukosa, umepiga mkwaju, na mkwaju huandikwa. Nikaandikiwa tisa, nikiwa nimenuna. Sikujua kwamba kwa swali lile moja nilikuwa nimeshapewa somo zima la gofu, na kwamba ningetumia miaka sita na fedha nyingi kulikimbia.

Njia ya kwanza ya kulikimbia ilikuwa dukani. Mwaka 2011 nilipitia Dubai kikazi na nikarudi na draiva ya mlazo wa nyuzi 9, yaani uso wake umelala nyuma kidogo tu, aina ile ile wanayoshika wachezaji wa kulipwa kwenye televisheni. Jumamosi ya kwanza nikapiga mkwaju mmoja uliopasua katikati ya njia na kutua mbali kuliko nilivyowahi kuufikisha mpira maishani. Mkwaju huo niliusimulia wiki nzima. Ile mingine kumi na mitatu ya siku hiyo sikuisimulia.

Baadaye nilijifunza kinachotokea pale fimbo inapokutana na mpira. Mpira huanza safari ukifuata zaidi upande ambao uso wa fimbo unatazama. Kisha tofauti kati ya uso huo na njia inayopitiwa na fimbo ndiyo inayoupinda angani. Uso wangu ulikuwa unatazama kulia. Fanya hesabu ya shule ya sekondari: uso ukipotoka nyuzi 4 tu, kwa umbali wa mita 150 mpira utakuwa umetoka nje ya mstari kwa takriban mita 10. Kwa mita 220 ni mita 15, na hapo bado hatujahesabu kupinda. Isitoshe, fimbo yenye mlazo mdogo husamehe kidogo, kwa hiyo unaopinda hupinda kwelikweli. Draiva ile haikuniongezea ustadi wowote. Iliyapa makosa yangu nauli ya kufika mbali.

Na mpira ukivuka mpaka wa uwanja, unaongeza mkwaju mmoja wa adhabu na kurudi kupiga pale pale ulipopigia. Yaani mtu mzima anasimama kwenye tii, jasho linamtoka, na mkwaju anaojiandaa kuupiga ni wa tatu.

Mwaka 2013 kazi ilinipeleka Nairobi kwa wiki tatu, na mwenyeji wangu akanialika kwenye klabu ya gofu ya Muthaiga. Kule fimbo namba 7, ambayo Dar es Salaam ilinipa mita 130, ikanipa karibu 140. Nilijiona nimekomaa. Nilirudi nyumbani na habari hiyo, nikaitangaza kwenye shimo la 19, ambalo kila mchezaji wa gofu analijua kwa jina lake la kawaida la baa.

Kilichokuwa kimebadilika ni hewa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, haiushiki mpira sana, na kwa mwinuko ule mpira huongeza asilimia 6 hivi ya umbali. Jumamosi ya kwanza Dar es Salaam, upepo wa kaskazi ukitoka baharini, nilichagua fimbo kwa hesabu za Nairobi. Mara tano mfululizo mpira ulitua kwenye mchanga ulio mbele ya grini, zile nyasi fupi zenye tundu. Mara ya sita yule mzee alinipa fimbo namba 6 kabla sijaomba, akageuka kutazama bahari. Ninavyowajua watu wa mahesabu, hakuna ambaye angelinganisha mapato ya mwezi wa mavuno na ya mwezi wa kiangazi akaita hiyo faida. Mimi nililinganisha.

Muthaiga iliniachia ugonjwa mwingine. Mwenyeji wangu alikuwa amenisimulia kwa fahari kwamba Seve Ballesteros, Mhispania yule, alishinda Kenya Open pale mwaka 1978. Mwaka uliofuata alitwaa The Open huko Uingereza, na katika raundi ya mwisho mpira wake ulitua kwenye eneo lililoegeshwa magari. Akaucheza kutoka hapo na bado akapata pungufu kwa mkwaju mmoja kwenye shimo hilo. Hadithi tamu. Tatizo la hadithi tamu ni kwamba kila anayeisikia hujiona ndiye Ballesteros, na hakuna anayejiona mwenye gari.

Jumamosi moja mpira wangu ulilala nyuma ya miembe miwili. Katikati ya mashina palikuwa na upenyo wa upana wa mlango, na upande wa pili wa upenyo ilionekana bendera. Kushoto kwangu, hatua kumi na tano tu, ilikuwa nyasi fupi na anga tupu. Nikachagua upenyo. Mpira ukagonga shina la kulia ukarudi nyuma yangu. Nikachagua upenyo tena. Ukagonga la kushoto. Mara ya tatu sikumbuki uligonga nini, bali nakumbuka majani ya mwembe yakidondoka taratibu. Shimo la mikwaju minne nilitoka na tisa.

"Bosi," mzee akasema tukiwa njiani kwenda shimo linalofuata, "njia ya kutokea ni ile tuliyoingilia."

Tangu siku hiyo naona kwamba mchezaji wa ridhaa hapotezi raundi kwa mkwaju mbaya. Mkwaju mbaya ni wa kila mtu, hata wa kulipwa. Raundi huharibiwa na mkwaju wa pili, ule unaopigwa ili kuufuta wa kwanza. Ofisini niliiona tabia hiyo mara nyingi. Mtunza fedha amepungukiwa laki mbili, badala ya kusema anakopa laki tano ili azifidie kabla ya mwisho wa mwezi. Laki mbili ilikuwa kosa. Laki tano ndiyo iliyomfukuzisha kazi.

Mwaka 2015 nikageukia ushauri wa wakongwe wa klabu. Wakongwe wote wana msemo mmoja kwa maneno tofauti: draiva ni ya maonyesho, fedha iko kwenye grini. Nikanunua zulia la kijani, nikalitandika sebuleni, na kwa miezi mitatu nikasukuma mipira kila usiku mke wangu akiruka juu yake kwenda jikoni. Alama zangu zilishuka kwa mikwaju miwili. Nilitegemea kumi.

Jibu lilinikuta kazini. Nilikuwa naandika ripoti kuhusu ghala moja lililokuwa likiandika mauzo yake vizuri lakini halina kitabu cha hasara: kilichooza, kilichovunjika, kilichoibwa. Nikaandika, kama nilivyozoea, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nikaisoma ile sentensi mara mbili. Kisha nikaweka kalamu chini nikacheka peke yangu ofisini. Kila Jumamosi nilikuwa narudi nyumbani na jumla, 101 au 104, na hadithi ya mkwaju mmoja mzuri. Kitabu cha hasara sikuwa nacho.

Nikanunua kaunta buku. Nikapiga mistari, safu nne. Ya kwanza, mikwaju ya adhabu: nje ya mpaka, majini, mpira uliopotea. Ya pili, mikwaju niliyotumia kutoka kichakani tu bila kusogea mbele. Ya tatu, mikwaju ya karibu na grini ambayo haikufika kwenye grini. Ya nne, msukumo wa tatu au zaidi baada ya kufika kwenye grini. Nikacheza raundi kumi bila kujaribu kurekebisha chochote, nikiandika tu. Wastani wangu ulikuwa 102.

Matokeo ninayo mpaka leo. Adhabu, 47. Kutoka kichakani, 38. Karibu na grini, 31. Msukumo wa tatu, 22. Jumla 138, karibu mikwaju 14 ya hasara kila raundi. Zaidi ya nusu ya hasara hiyo ilikuwa na chanzo kimoja, ile draiva ya Dubai. Na safu iliyokuwa na hasara ndogo kuliko zote ndiyo niliyokuwa nikiipigia magoti sebuleni kwa miezi mitatu. Sasa unaweza kusema zulia ndilo lililoipunguza, na huenda ni kweli kwa kiasi. Lakini mgonjwa wa mguu akipakwa dawa ya mkono, hata mkono ukipona, atabaki anachechemea.

Siku za baadaye nilifahamu kwamba msemo wa wakongwe ulikuwa umeshapimwa na watu wa takwimu. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia huko Marekani, alichambua mikwaju mingi ya wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa, akatoa kitabu chake mwaka 2014. Alionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji mzuri na dhaifu inatokana na mikwaju ya zaidi ya yadi 100 kutoka shimoni. Grini ina sehemu yake, ila si kubwa kama tunavyoambiana baa. Takwimu nyingine ilinituliza zaidi: wachezaji wa PGA Tour, watu wanaolishwa na mchezo huu, kutoka futi 8 hutumbukiza takriban nusu tu. Futi 8 ni chini kidogo ya mita mbili na nusu. Mimi nilikuwa nikikosa umbali huo nakasirika mpaka mashimo matatu yanayofuata yanaharibika. Nilikuwa nikidai kwangu mwenyewe kiwango ambacho mabingwa wenyewe hawanacho.

Baada ya daftari, matengenezo yalikuwa ya kuchosha kuyasimulia. Draiva iliingia uvunguni miezi sita. Kwenye tii nilitumia fimbo namba 5 ya mbao, iliyonipa mita 170 na kunirudishia mpira. Mpira ukiingia kichakani niliutoa kwa njia tuliyoingilia. Karibu na grini niliacha kuurusha juu kama ninayeonwa na kamera, nikaanza kuubingirisha kwa fimbo moja ile ile kila mara. Kutoka mbali kwenye grini sikulenga tena tundu lenye upana wa milimita 108. Nililenga duara la upana wa ungo. Kufika mwisho wa mwaka wastani ulikuwa 91. Anayenitazama nikipiga asingeona tofauti yoyote. Mgongo ulilia vile vile.

Kuna Jumamosi moja ningependa kuiruka, lakini nimeshajifunga na neno hesabu.

Ilikuwa kombe la mwezi, na nilikuwa nacheza vizuri. Kwenye shimo la 15 mpira ulikuwa kwenye nyasi ndefu. Nikaweka fimbo nyuma yake, na mpira ukajigeuza nusu mzunguko, ukashuka upana wa kidole. Kanuni inasema umeusogeza wewe: jiongezee mkwaju mmoja, urudishe ulipokuwa. Wenzangu walikuwa ng'ambo ya njia wakitafuta mpira wa mwingine. Nikapiga. Nikamaliza, nikasaini kadi, nikashinda kwa mkwaju mmoja. Zawadi ilikuwa birika la umeme.

Kila asubuhi birika lile lilichemsha maji ya chai, na kila asubuhi lilipolia nilikumbuka shimo la 15. Jumamosi iliyofuata nikamuuliza mzee, "Uliona?"

"Bosi," akasema, "mimi nabeba mfuko tu."

Nikaenda kwa nahodha wa klabu. Ukisaini kadi yenye mikwaju michache kuliko uliyopiga huku ukijua, unaondolewa mashindanoni, na muda kupita hakukuokoi. Hakunihutubia. Alifungua orodha, akachora mstari juu ya jina langu, akaandika la mshindi wa pili mahali pake. Nikanunua birika jipya, nikampelekea mshindi huyo. Lile la zamani mke wangu alikataa kulitoa kwa sababu hakuona limekosa nini.

Wengi huchukulia kisa kama hiki ni cha maadili, nami nakubali. Lakini kilinifunza pia jambo la kiufundi. Daftari langu la juma lile lilionyesha raundi safi kuliko zote. Kama ningeliamini, ningepanga mazoezi kwa kufuata raundi ambayo haikuchezwa. Namba ya uongo haidanganyi klabu peke yake. Humnyima mwenye kadi dawa yake.

Hata handikapu, ile namba ya kiwango cha mchezaji, haikupi nafasi ya kujipendelea. Katika mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020, handikapu yako hutokana na raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho. Yaani inapima siku zako nzuri. Nilipolielewa hilo nilikoma kushangaa kwa nini siku nyingi nacheza chini ya kiwango "changu". Kiwango changu cha kawaida kiko kwenye zile kumi na mbili zisizohesabiwa, na hizo ziko daftarini.

Mzee yule haji tena uwanjani, magoti yamemkatalia. Tulimwita mbeba mfuko kwa miaka yote, ingawa ndiye aliyekuwa na hesabu kamili ya kila mmoja wetu. Wachezaji wetu kadhaa wa kulipwa Afrika Mashariki walianzia kwenye kazi yake, na sioni ajabu. Mtu aliyetazama maelfu ya raundi za wengine bila haki ya kuzipamba anajua mchezo huu unapovuja.

Basi nikamjibu mpwa wangu kwa picha, kama alivyonitumia picha. Niliupiga picha ukurasa wa kaunta buku langu la 2015, wenye safu nne na madoa ya jasho, nikaandika: "Marahaba. Cheza raundi kumi, jaza hii, ndipo tuongee habari ya draiva. Na ule wa hewa uuhesabu."

Alikaa kimya wiki tatu. Juzi usiku simu ikalia. Alikuwa ametuma picha ya daftari la shule, mistari imepigwa kwa rula, na juu kabisa, kwenye shimo la kwanza la raundi ya kwanza, ameandika kwa kalamu nyekundu: "Hewa, 2."

Nikatabasamu, nikashusha macho kwenye picha ya pili. Draiva amenunua pia.